Masta Umemaliza, Stori Iko Wapi?

Msimu wa maombi ya vyuo ukifika, simu yangu hujaa ujumbe wa vijana wa habari. Wengi wako redio za mikoani, wengine magazetini, siku hizi na kwenye runinga za mtandaoni. Ujumbe wenyewe hufanana: "Shikamoo mzee. Samahani kwa usumbufu. Nafikiria kwenda kusoma masta ya uandishi wa habari. Itanisaidia?" Leo nimeamua kuwajibu wote kwa pamoja, tena hewani, maana jambo hili si lao peke yao. Wewe unayenisikiliza ukiwa shambani, dukani, au umebanwa kwenye daladala, unapata habari zilizoandikwa na watu hawa. Wanachokijua, na wasichokijua, ndicho kinachokuingia masikioni saa mbili usiku.

Jibu langu fupi ni kwamba inategemea unakwenda kutafuta nini, na chuo chenyewe kina nini cha kukupa. Najua hilo linasikika kama jibu la mwanasiasa, kwa hiyo tukae kidogo tulifumue.

Tuanzie kwa walioanzisha mambo haya. Joseph Pulitzer, mwenye gazeti la New York World, alikuwa mhamiaji kutoka Hungaria, na mwenyewe hakupita chuo kikuu. Mwaka 1904 aliandika makala ndefu kutetea wazo ambalo wenzake wengi waliliona la ajabu: kwamba mwandishi wa habari afundishwe chuo kikuu, kama wakili au daktari. Wakubwa wa magazeti waliamini kuwa uandishi ni kipaji, mtu huzaliwa nacho, na kinachopungua hujazwa na ukali wa mhariri. Pulitzer alifariki mwaka 1911. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kikafungua shule kwa fedha alizokiachia, dola milioni 2. Missouri walikuwa wameshatangulia mwaka 1908, lakini ni Columbia waliopiga hatua inayotuhusu leo. Mwaka 1935 waliifanya shule yao kuwa ya watu wenye shahada tayari.

Maana ya hatua hiyo ni nini? Ni kwamba uje ukiwa umeshasoma kitu. Historia, kemia, sheria, uchumi, vyovyote iwavyo, uje na kitu kichwani, sisi tukuonyeshe namna ya kukiripoti. Wanafunzi wakawa wanatumwa mjini mchana, mahakamani, polisi, kwenye ofisi za manispaa, na wakirudi wanaandika katika chumba kimoja kikubwa kama wako gazetini. Mpaka leo, anayesoma pale shahada ya uzamili ya uandishi wa habari hamalizi bila kutoa kazi kubwa ya kihabari, yaani stori ndefu aliyoifuatilia mwenyewe na kuisimamia.

Hata hivyo, nao walifika mahali wakajiuliza kama hiyo inatosha. Mwaka 2002 rais wa chuo hicho, Lee Bollinger, alisimamisha shughuli ya kumtafuta mkuu mpya wa shule, akasema kwanza tuelewane shule yenyewe ni ya kufanya nini. Baada ya mjadala mrefu, mwaka 2005 wakaanzisha shahada ya pili ya uzamili, hii ikiwa ya waandishi ambao kazi wanaijua tayari. Mtu anachagua eneo lake, iwe siasa, sayansi, biashara au sanaa, anazama humo mwaka mzima. Ukitaka kwenda huko jiandae kwa mahesabu ya kutisha. Ada na gharama za kuishi kwa mwaka mmoja zinapita dola 100,000. Sikwambii uende. Ninachotaka uone ni kwamba watu waliokaa na jambo hili karibu miaka 100 hatimaye walisema mwandishi aliyekomaa anahitaji kujua kitu kwa undani kuliko anavyohitaji kujua zaidi habari ya habari.

Uingereza walichelewa sana. Huko uandishi ulikuwa kazi ya kuanzia chini: kijana anaingia gazeti la mji mdogo, anafundishwa hati mkato, anapelekwa mahakama ya hakimu kuandika kesi za ulevi na kuku walioibwa. Kozi ya kwanza ya uandishi wa habari kwa wenye shahada ilianza Cardiff mwaka 1970, na aliyeianzisha alikuwa Tom Hopkinson. Sasa hapa msikilizaji sogea karibu na redio, kwa sababu Hopkinson ni mtu wa kwetu kidogo.

Huyu bwana aliwahi kuwa mhariri wa jarida la picha la Picture Post. Mwaka 1950 alifukuzwa kazi baada ya kung'ang'ania kuchapisha ripoti ya namna wafungwa wa kisiasa walivyotendewa Korea Kusini, ripoti ambayo mwenye jarida hakuitaka. Akaja Afrika, akahariri jarida la Drum kule Johannesburg wakati ubaguzi wa rangi umepamba moto. Kisha, kuanzia mwaka 1963, mwaka uleule Kenya ilipopata uhuru, akawa Nairobi akiongoza mafunzo ya waandishi wa Kiafrika chini ya Taasisi ya Kimataifa ya Habari, ile inayojulikana kwa kifupi IPI. Magazeti ya Afrika Mashariki yalikuwa yanahama mikononi mwa wakoloni, na watu wa kukaa kwenye viti vya uhariri walikuwa hawatoshi. Mafunzo yalikuwa ya miezi, ya vitendo, ya haraka. Alipomaliza huko ndipo akarudi kwao, na miaka michache baadaye akaanzisha ile kozi ya Cardiff. Kwa hiyo mtu anaposema masta ya habari ni ya Wazungu, tumeiga tu, mwambie kwamba aliyewafundisha Waingereza alikuwa ameshafundisha Nairobi kwanza.

Mwaka uleule wa 1970, Chuo Kikuu cha Nairobi kikapata shule yake ya uandishi wa habari kwa msaada wa UNESCO. Kwetu Tanzania, Chuo cha Uandishi wa Habari, TSJ, kilianza 1975, na mwaka 2003 kikaunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Leo pale chuoni, Mlimani, kuna shahada za uzamili, kuna redio na runinga za Mlimani, na lile gazeti la wanafunzi, The Hill Observer. Mwanza kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agostino, SAUT, kilichotokana na chuo cha Nyegezi. Nairobi, Chuo Kikuu cha Aga Khan kina shahada ya uzamili ya uandishi wa habari wa kidijitali kwa watu walio kazini. Milango ipo. Ukishaingia ndani ndipo maneno huanza.

Unapokaribia kumaliza, unaandika tasnifu. Kwa vyuo vyetu vingi tasnifu ina sura tano, na aliyewahi kuipitia anazikariri kama jedwali la kuzidisha: utangulizi, mapitio ya maandiko, mbinu za utafiti, matokeo, hitimisho na mapendekezo. Mada nazo zina umbo lake. "Mchango wa redio jamii katika" weka jambo lolote hapo, halafu "mfano wa wilaya ya" weka wilaya unayotokea. Unachapa hojaji, unazigawa, unaomba watu wazijaze, nusu hawazirudishi. Unakaa na msimamizi anayekwambia sura ya pili irudie tena. Ukimaliza unatetea, unasahihisha, unapeleka kwa mtu wa kujalidi, jalada gumu na herufi za dhahabu mgongoni. Nakala moja inapanda kabatini maktaba. Redio jamii yenyewe iliyotafitiwa haipati hata ukurasa.

Na kingine, lugha ya tasnifu. Ripota wa redio ya Kiswahili amewahoji wakulima wa korosho kwa Kiswahili, wamemjibu kwa Kiswahili kitamu chenye chumvi yote, halafu anarudi mjini anakaa usiku kuwageuzia wakulima maneno yao kuwa Kiingereza cha kitaaluma. Maneno ya mkulima mzee wa Newala yanatoka hapo yamenyooka kama yamepigwa pasi, na mwenyewe hawezi kuyasoma. Mimi hili naliona ni hasara ya bure kabisa, kwa sababu stadi ambayo mtu huyu angeilipia ada ni ya kuandika Kiswahili kirefu, chenye mpangilio, kinachoshika msikilizaji kwa dakika 30. Hiyo hakuipata.

Lakini nisije nikaonekana nawapiga vita wasomi. Nadharia si adui. Zipo tafiti za zamani ambazo kila ripota angezijua angefanya kazi yake akiwa macho zaidi. Nikupe moja ninayoipenda. Mwaka 1949 mtafiti Mmarekani, David Manning White, alimwendea mhariri wa gazeti moja la mji wa kawaida, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupokea habari za mashirika na kuamua ipi itumike. White alimwomba jambo dogo tu. Kwa wiki moja, kila habari anayoitupa, asiitupe hivihivi, aandike nyuma ya karatasi kwa nini ameitupa. Yule mhariri akakubali. Matokeo yalichapishwa mwaka 1950. Habari zilizopita zilikuwa kama moja katika kumi. Zile tisa zilikataliwa kwa sababu ambazo nyingine zilikuwa za maana, kama vile nafasi imejaa, na nyingine ni mapenzi yake binafsi tu, hapendi mada fulani, hamwamini mtu fulani. White akampa jina la siri, Bwana Milango, na kutoka hapo dhana ya mlinda lango ikaingia katika kila kitabu cha habari duniani.

Angalia ilivyokuwa rahisi. Mtu mmoja, wiki moja, kalamu. Sasa wazia mwanafunzi wetu wa masta afanye hivyo katika redio ya wilayani, akae na mhariri wa zamu. Nadhani nyuma ya zile karatasi tungekuta sababu ambazo White hakuziota. "Tumeitupa: mfanyabiashara huyu ndiye anayetupa matangazo." "Tumeitupa: afisa amesema tusubiri tamko." "Tumeitupa: pikipiki haina mafuta." "Tumeitupa: hakuna bahasha." Na nyingine ingesema, "Tumeitumia: ilikuja imeandikwa tayari na ofisi ya mkuu wa wilaya." Tasnifu ya namna hiyo ningeinunua kwa fedha yangu. Ingesomwa na wahariri, ingesomwa na waheshimiwa, na ingeleta ugomvi, ambao kwa kazi ya habari ni dalili njema.

Sasa tuzungumze kuhusu jambo ambalo watu husema wakiwa kantini tu. Wengi hawaendi kusoma masta ili wawe waandishi bora. Wanakwenda ili wasiwe waandishi tena. Cheti kikishapatikana, kinapelekwa kwenye maombi ya kazi ya afisa habari, wa halmashauri, wa wizara, wa mamlaka fulani, wa shirika la misaada. Huko kuna mshahara wa tarehe maalumu, bima ya afya, pensheni, na gari la ofisi. Ripota wa mkoani aliyeachwa nyuma analipwa kwa stori, stori isipotoka hana chake, na akiugua anachangiwa na wenzake. Simlaumu anayekimbia. Mtu ana watoto. Ila matokeo yake ni kwamba upande wa serikali na makampuni umejaa watu wenye masta ya habari wanaojua namna ya kuzuia swali, na upande wa kuuliza swali amebaki kijana aliyemaliza stashahada juzi. Mkutano na waandishi wa habari ukianza, mechi imeshaamuliwa.

Sheria nayo imeongeza moto kwenye mbio za vyeti. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake za mwaka 2017 ziliweka stashahada ya masuala ya habari kuwa kiwango cha chini cha kutambuliwa kama mwandishi wa habari Tanzania. Makanjanja walipungua kidogo, sikatai. Lakini chukua mtu aliyesoma udaktari, au mhandisi wa maji, anayetaka kuandika kuhusu anachokijua. Kwa mtu kama huyo, stashahada ya uzamili ya mwaka mmoja ndiyo njia yake hasa, na ningetamani tuone madaktari na wahandisi kumi wakipita hapo kila mwaka kuliko kuona mtu mwenye shahada ya kwanza ya habari akirudi kusoma habari ileile kwa jina kubwa zaidi.

Kumbuka wahariri wakubwa wa ukanda huu walisoma nini. Hilary Ng'weno wa Kenya, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuhariri Daily Nation na baadaye akaanzisha The Weekly Review mwaka 1975, alisoma fizikia ya nyuklia Harvard. Benjamin Mkapa alisoma Kiingereza Makerere, kisha mwaka 1963 akaenda Columbia, chuo hichohicho chenye shule ya Pulitzer, na alichosoma pale ni masuala ya kimataifa. Akarudi akahariri The Nationalist na Uhuru, na baadaye Daily News, kabla siasa haijamchukua. Jenerali Ulimwengu ni mwanasheria. Sisemi masomo ya habari hayana kazi, kwani watu hawa walijifunza habari vilevile, wakiwa kazini, na wengine kwa machungu. Nasema walikuwa na mzigo wa kubeba kabla hawajafundishwa kubeba.

Kama ningepewa mtaala wa masta hizi kwa mwaka mmoja tu, ningeanza na hesabu. Usicheke. Afisa anatangaza kwamba kiwango cha maambukizi ya ugonjwa kimetoka asilimia 10 hadi asilimia 15. Jioni redio tatu zinasema kimeongezeka kwa asilimia 5. Hapana. Kimeongezeka kwa pointi 5 za asilimia, na ukilinganisha na kilipokuwa, kimeongezeka kwa asilimia 50, yaani nusu nzima. Tofauti ya taarifa hizo mbili ni tofauti ya mwananchi kubaki amekaa na mwananchi kusimama. Baada ya hesabu, ningewakalisha na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ikitua bungeni mwezi Aprili, vyumba vyetu vya habari huila kwa wiki moja, hati safi ngapi, hati chafu ngapi, nani kapoteza mabilioni, halafu basi. Mle ndani kuna stori za kumtosha mtu mwaka mzima: choo cha shule kilicholipiwa na hakipo, dawa zilizokwisha muda zikiwa ghalani. Mwanafunzi achukue hoja moja ya ukaguzi, ya halmashauri moja, aende akaione kwa macho, afuate karatasi, ahoji, na alindwe na msimamizi anayejua sheria. Hiyo iwe tasnifu yake.

Ndiyo, na nadharia awe nayo. Sura moja aeleze amefanyaje, kwa nini njia hiyo, na wengine wamesema nini. Chuo hakitakufa.

Wanaoomba ufadhili wa nje, neno moja tu. Chevening ya Uingereza inataka uwe umeshafanya kazi kwa muda, na inakutaka urudi nyumbani ukae angalau miaka 2 baada ya kumaliza. Nenda, lakini nenda na swali kutoka hapa. Nimewaona wanaokwenda bila swali wakirudi na lafudhi.

Na wamiliki wa vyombo, mnanisikia. Ripota akirudi na masta yake mkampa meza ileile, mshahara uleule na kazi ileile ya kukimbizana na misafara ya viongozi, msishangae akiondoka kabla mwaka haujaisha. Mmemsomeshea afisa habari wa mtu mwingine.

Sasa narudi kwenu mnaosubiri jibu. Kabla hujalipa ada ya maombi, nenda chuoni ukaulize. Anayenifundisha uchunguzi ameandika uchunguzi gani, na lini? Naweza kutoa kazi ya kihabari, kwa Kiswahili, ikahesabiwa kuwa tasnifu? Nitafundishwa kusoma bajeti, takwimu na hukumu ya mahakama? Waliohitimu miaka iliyopita wako wapi, na je, naweza kuona au kusikia walichokifanya? Ukijibiwa vizuri, uza hata mbuzi ukasome. Ukiona wanakutazama tu, weka fedha yako, nunua kompyuta mpakato na bando, pakua ripoti ya ukaguzi ya halmashauri yako, na uanze nayo kazi Jumatatu.